Mfumo wa zahanati na SACCOS, seva iko Frankfurt: Sheria ya Taarifa Binafsi inatudai nini hasa?

Mkinga_Kodi:

Wakuu, salaam kutoka Tanga.

Tuko wanne, ofisi Barabara ya 12 Ngamiani. Tunauza mfumo wenye sehemu mbili: usajili wa wagonjwa kwa zahanati binafsi (Tanga mjini, Muheza, Pangani), na daftari la wanachama na mikopo kwa SACCOS. BRELA tumesajiliwa, TIN ipo. Sasa SACCOS moja, kabla ya kuhuisha mkataba, inataka vitu vitatu kwa maandishi: cheti chetu cha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, jina la afisa wetu wa ulinzi wa taarifa, na maelezo taarifa za wanachama zinakaa wapi.

Hali halisi ni hii. Hifadhidata ni PostgreSQL kwenye seva ya kukodi Frankfurt. Bakapu inatoka kila usiku saa nane na kupanda Google Drive ya ofisi. Meseji za marejesho na za miadi ya kliniki zinapitia kampuni ya meseji iliyoko Dar. Wateja wakikwama wanatuma picha za skrini kwenye kundi la WhatsApp. Hifadhidata ya majaribio ni nakala ya ile halisi, tunaichukua upya kila mwezi.

Maswali:
1. Sisi ni wakusanyaji au wachakataji? Tunajisajili sisi, au mteja, au wote?
2. Frankfurt inaruhusiwa?
3. Katika hayo niliyoorodhesha, lipi lirekebishwe kwanza?

Naomba majibu ya kufanyia kazi, nadharia nimeshasoma.

---

Kifungu_kwa_Kifungu:

Mkuu, umeanza pazuri kwa kuonyesha taarifa zinapita wapi. Wengi huanza kwa kunakili sera ya faragha ya tovuti ya Marekani na kuipachika chini ya ukurasa. Ndiyo maana unakuta mgonjwa wa Maramba anaelezwa haki za wakazi wa California.

Msingi ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na sasa inatajwa pia kama Sura ya 44. Kanuni zake mbili ni za 2023: moja ya ukusanyaji na uchakataji, nyingine ya utaratibu wa malalamiko. Vifungu nitakavyotaja vina namba za Sheria Na. 11 ilivyopitishwa, ukishika toleo lililorejewa, linganisha kwanza kabla ya kunukuu kwenye mkataba.

Swali la 1. Mkusanyaji ni yule anayeamua taarifa zichukuliwe kwa ajili ya nini na kwa namna gani. Zahanati ndiyo iliyoamua kuandika jina, umri na ugonjwa. SACCOS ndiyo iliyoamua kuandika hisa, akiba na mkopo. Ninyi mnazihifadhi na kuzichakata kwa niaba yao, kwa hiyo ni wachakataji. Ila kofia ya pili mnayo: mafaili ya wafanyakazi wenu na orodha ya simu za wateja mnaowatafuta ni zenu wenyewe, na kwa hizo ninyi ni wakusanyaji. Kwenye maombi jazeni kofia zote mbili.

Kuna mtego hapo. Siku mkikusanya takwimu za wagonjwa wa zahanati zote na kutengeneza ripoti ya kuwauzia wasambazaji wa dawa, kusudi hilo mmeliamua ninyi, kwa hiyo mmeshakuwa wakusanyaji wa taarifa za wagonjwa bila ridhaa wala mkataba unaowaruhusu. Wala msijitetee kwamba majina mliyatoa. "Mwanamke, miaka 34, Pangani Mashariki, kisukari, alifika tarehe 3": kwa mji wa ukubwa ule, hilo ni jina tayari.

Kujisajili (kifungu cha 14) kunawahusu wakusanyaji na wachakataji, yaani ninyi na kila mteja wenu. Cheti chenu hakimfuniki mteja, na cha mteja hakiwafuniki ninyi. Kinadumu miaka 5. Maombi hufanyika kwenye mfumo wa Tume mtandaoni, na ada, kama malipo mengine ya serikali, hulipwa kwa kontroo namba. Kinachochelewesha watu mara nyingi ni kufungua fomu kabla hawajajua wanashika nini. Tengenezeni kwanza daftari la taarifa, jedwali moja tu: aina ya taarifa, ya nani, imetoka wapi, kusudi lake, nani anaiona, iko kwenye mashine gani na nchi gani, inakaa muda gani, inalindwaje. Kwa mfumo wenu ninakadiria mistari 25 hadi 40. Ukilimaliza hilo, fomu inabaki kuwa kazi ya kunakili, na barua ya SACCOS umeijibu kwa theluthi mbili.

Sasa taarifa nyeti, maana hapa ndipo sheria yetu inapowashangaza waliozoea kusoma ya Ulaya. Afya mnaijua. Lakini kwetu orodha ina pia taarifa za watoto, jinsia, alama za mwili kama vidole na uso, na miamala ya fedha ya mtu. Ina maana ile sehemu ya SACCOS ni nyeti sawasawa na ile ya zahanati. Kifungu cha 30 kinataka ridhaa ya maandishi ya mhusika kabla ya kuzichakata, na mhusika anaweza kuiondoa wakati wowote bila kulipa chochote. Misamaha ipo. Mtoa huduma za afya mwenye wajibu wa kutunza siri anaweza kuchakata kwa ajili ya tiba, na panapokuwa na sheria nyingine inayodai taarifa hiyo, kama daftari la wanachama linavyodaiwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, hoja ipo. Lakini msamaha wa kumtibu mtu hauwapi ruhusa ya kumtumia matangazo ya bima. Kila kusudi lisimame na mguu wake.

Kwenye mfumo, ridhaa isiwe kisanduku cha ndiyo au hapana. Iwe jedwali lake: namba ya mhusika, kusudi, toleo la maandishi aliyoonyeshwa, lugha, njia (karatasi, programu), tarehe na saa, nani aliyerekodi, tarehe ya kuondolewa. Ukibadilisha maandishi bila kubadilisha namba ya toleo, baada ya mwaka hutaweza kuonyesha mtu alikubali nini. Na kisanduku kilichotiwa tiki tayari hakijathibitisha kwamba mtu aliamua lolote.

Afisa wa ulinzi wa taarifa ni lazima (kifungu cha 27). Mko wanne, basi msimpe yule mwenye funguo zote za seva. Kazi ya afisa ni kumwuliza huyo maswali, na mtu hajiulizi mwenyewe maswali magumu.

Moja la SACCOS: kama mfumo unatoa alama za mkopo na kumkatalia mtu wenyewe, someni kifungu cha 36. Mhusika ana haki ya kuelezwa kwamba uamuzi umefanywa na mashine na kuomba binadamu autazame upya. Wekeni kitufe cha "rudisha kwa kamati ya mikopo" na sehemu ya kuandika sababu. Kazi ya siku mbili.

---

Chumbageni88:

Mbona mnamtisha mwenzenu. Kampuni ya watu chini ya 10 haihusiki na usajili, iko wazi kabisa. Hii ni ya mabenki na mitandao ya simu.

---

Kifungu_kwa_Kifungu:

@Chumbageni88 ndugu yangu, umevuka Horohoro bila kugonga pasipoti. Hiyo ni ya Kenya. Kanuni zao za usajili za 2021 zinamwachia mwenye mauzo chini ya shilingi milioni 5 za Kenya kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10, masharti yote mawili kwa pamoja. Na hata huko, anayeshughulika na afya au elimu hasameheki kwa udogo. Cheti chao ni cha miezi 24, chetu miaka 5.

Sheria ya Tanzania haikuweka kizingiti cha idadi ya wafanyakazi. Viwango vya adhabu ndivyo hivi: Tume inaweza kutoza faini ya kiutawala hadi shilingi milioni 100, na kampuni ikitiwa hatiani kwa kutoa taarifa binafsi kinyume cha sheria (kifungu cha 60), faini ni kuanzia milioni 1 hadi bilioni 5. Mtu binafsi ni laki 1 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote. Kijana wa mapokezi anayempigia picha faili la mgonjwa na kumpelekea rafiki yake yumo humo.

Ila umenikumbusha jambo. Mkinga_Kodi, mkiuza mfumo kwa mteja wa Lunga Lunga au Kwale, yule anafuata sheria ya Kenya ya 2019, na mtahitaji kujua masharti yake. Vivyo hivyo anayetengeneza mfumo wa kuhifadhi vyumba vya hoteli za Ushongo au Lushoto: ukitangaza kwa watu walioko Ulaya, kwa yuro na kwa lugha zao, GDPR, yaani sheria ya Ulaya ya ulinzi wa taarifa, inakufuata hadi Pangani kwa ibara ya 3.

---

fundi_seva_Pongwe:

Nachukua swali la 2 na bakapu.

Frankfurt. Usafirishaji wa taarifa nje ya nchi uko vifungu vya 31 na 32 na kwenye kanuni za 2023, na unapitia kibali cha Tume. Ujerumani ina GDPR, kwa hiyo hoja kwamba kuna ulinzi wa kutosha ni nyepesi kuijenga, lakini hoja yako haigeuki kibali. Jiandaeni kueleza taarifa gani, za nani, zinakwenda nchi gani, kwa nani, kwa kusudi gani, na zinalindwaje njiani na zikifika. Kuna wanaodhani kuhamia Cape Town, ambako AWS (huduma ya seva za kukodi ya Amazon) wana kituo tangu 2020, kunamaliza tatizo kwa sababu ni Afrika. Afrika Kusini nayo ni nje ya nchi.

Ushauri wangu kwa taarifa za wagonjwa na miamala: rudisheni nyumbani. Kituo cha Taifa cha Data kiko Kijitonyama, Dar, na wapo watoa huduma binafsi. Mtapata na faida ya mwendo: kutoka Tanga hadi Frankfurt na kurudi ni zaidi ya milisekunde 100, Dar ni chache sana. Ukurasa wa daftari la mikopo unaouliza hifadhidata mara 12 mfululizo utahisi.

Namna ya kuhama bila kuumia:

Siku moja kabla, shusheni muda wa kumbukumbu za kikoa (TTL, yaani muda ambao mtandao hukumbuka jina lenu linaelekea seva ipi) uwe sekunde 300. Andaeni seva mpya yenye toleo lilelile kuu la PostgreSQL, fanyeni zoezi moja na nakala nzima ili mjue inachukua dakika ngapi. Usiku wenyewe, fungeni uandishi kwenye seva ya zamani, toeni nakala ya mwisho, irejesheni kule, hesabuni rekodi za kila jedwali pande zote mbili na jumla ya salio la kila SACCOS, ndipo mgeuze kikoa. Salio ndilo kipimo. Idadi ya rekodi inaweza kulingana huku desimali zimeliwa.

Kisha sehemu ambayo karibu kila mtu anaisahau: seva ya zamani. Kufuta mashine hakufuti picha za diski (nakala kamili za diski) zilizohifadhiwa pembeni, na mara nyingi zinabaki zikitozwa dola mbili tatu kwa mwezi bila mtu kuuliza. Ingieni kwenye akaunti, futeni mashine, diski, picha za diski na hifadhi za mafaili, mmoja baada ya mwingine, na muweke ushahidi wa tarehe kwenye daftari la taarifa.

Google Drive ni mbaya kuliko Frankfurt. Kule angalau unaweza kutaja mji. Hapa faili la hifadhidata nzima limekaa wazi, kwenye akaunti inayofunguka kwa simu ya kila mmoja wenu, na kubofya kumoja kwa "yeyote mwenye kiungo" kunatosha kuwapa watu wote wa duniani. Acheni leo, hata kabla ya kuhamisha seva.

Bakapu iwe hivi. Tengeneza jozi ya funguo kwa age, programu ya kusimba mafaili, yaani kuyafanya yasisomeke bila ufunguo. Ufunguo wa wazi, ule wa kufungia tu, ndio pekee ukae kwenye seva. Wa siri, ule wa kufungulia, uwe kwenye diski mbili ndogo, moja kwenye sanduku la ofisi, nyingine mahali pengine kabisa. Kila usiku nakala itoke pg_dump (zana ya PostgreSQL ya kutoa nakala) ipite moja kwa moja kwenye age, iandikwe ikiwa imeshasimbwa, bila faili la wazi kugusa diski. Mwizi akiibeba seva nzima hawezi kufungua bakapu za nyuma, kwa sababu ufunguo wa kuzifungua haujawahi kuwa pale. Ukitumia restic, programu nyingine ya bakapu, nayo inasimba yenyewe, lakini neno la siri lake huwa kwenye hati ya cron (maagizo ambayo seva huyaendesha kwa ratiba), pembeni ya bakapu. Ni kama kufunga mlango na kuning'iniza ufunguo kwenye kitasa.

Nakala ya pili iende mji mwingine hapahapa nchini. Bakapu za siku 35, halafu zinajifuta. Na kila mwezi mtu mmoja airejeshe moja kwenye mashine tupu, aandike imechukua muda gani. Bakapu isiyowahi kurejeshwa huwa na tatizo moja kati ya mawili: ina ukubwa wa baiti 20 kwa sababu kutoa nakala kulishindikana, au hakuna anayejua ufunguo uko wapi.

Namba ya NIDA, kwa kuwa lazima mnayo. Ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Kwa hiyo ukificha mwisho na kuonyesha mwanzo, umetoa tarehe ya kuzaliwa ya mtu kwa kila karani. Ficha mwanzo, onyesha 4 za mwisho. Wengine wanajivuna "tumeibadilisha kwa SHA-256", hesabu inayogeuza namba kuwa alama isiyorudishika moja kwa moja. Ukiijua tarehe ya kuzaliwa, zilizobaki ni 12, na nazo hazikupangwa ovyo, kompyuta inazijaribu. Namba ya simu ndiyo rahisi zaidi: ukihesabu zote zinazoanza na 06 na 07 hazizidi milioni 200, na kadi ya michoro ya kawaida inapiga SHA-256 mabilioni kwa sekunde. Tumia HMAC, yaani alama ya aina hiyo iliyochanganywa na ufunguo wa siri uliohifadhiwa nje ya hifadhidata, kwa ajili ya kutafuta, na simba thamani yenyewe kwenye safu nyingine. Maneno ya siri ya watumiaji yahifadhiwe kwa Argon2id au bcrypt, hesabu za makusudi polepole ili kukisia kuwe kugumu.

---

Mwajuma_Faili:

Kaka Mkinga, swali la 3 mimi ningelijibu tofauti na fundi. Bakapu kweli ianze, lakini la pili si seva, ni lile kundi la WhatsApp. Seva ina mlango mmoja. Kundi lina simu 30, na kila simu ina picha za skrini ndani ya galari, zingine zinapanda zenyewe kwenye wingu la mwenye simu. Karani akiacha kazi SACCOS anaondoka nazo zote.

Kupiga marufuku hakusaidii, watu watahamia inboksi. Warahisishie njia nyingine:

Weka kitufe cha "Omba msaada" ndani ya mfumo. Kikibonyezwa kichukue anwani ya ukurasa, namba ya rekodi, toleo la programu na maandishi ya kosa, bila jina wala namba ya simu ya mgonjwa. Msaidizi wenu akihitaji kuiona rekodi, aombe ruhusa, msimamizi wa zahanati akubali, na ruhusa ijifunge baada ya dakika 60. Kila alichofungua kiandikwe. WhatsApp ibaki ya kusema "jamani tiketi namba 214 bado".

Hifadhidata ya majaribio: hilo la kuchukua nakala kila mwezi lifutwe wiki hii. Tengenezeni hati (programu fupi) inayozalisha data ya kubuni, wagonjwa 5,000 na wanachama 2,000 wanatosha kwa kazi zenu. Kama kosa linatokea kwa data halisi tu, chukueni rekodi husika peke yake na muipitishe kwenye hati inayobadilisha majina, kusogeza tarehe kwa siku za kubahatisha, na kubadilisha simu na NIDA. Msisahau ile safu ya "maelezo". Mnafuta jina kwenye safu ya jina, kumbe muuguzi ameandika "mke wa mwalimu fulani wa shule fulani" kwenye maelezo. Safu ya maandishi huru itupwe nzima, haisafishiki. Laptopu zote za wataalamu wenu zisimbwe diski, LUKS au BitLocker, kwa sababu basi la Dar lina wezi wa mabegi kama basi lolote.

Logi. Fungueni faili la logi (kumbukumbu ya kila ombi) la seva ya wavuti mtafute "simu=" na "nida=". Kama ukurasa wa kutafuta mgonjwa unatumia GET, yaani unaweka kinachotafutwa ndani ya anwani ya ukurasa, namba zote zimeandikwa humo, na faili hilo huwa halimo kwenye hesabu za mtu yeyote. Hamishieni kwenye POST, ambayo haikiweki kwenye anwani, na logi za zamani zifutwe. Halafu kama mna huduma ya kukusanya makosa ya programu iliyoko nje, angalieni inabeba nini: kwa kawaida inachukua na vigezo vilivyokuwa kwenye kumbukumbu kosa lilipotokea, na ndani yake kuna rekodi nzima ya mgonjwa. Huo nao ni usafirishaji nje ya nchi, hata kama seva yenu iko Kijitonyama.

Meseji. Ile kampuni ya Dar ni mchakataji mdogo chini yenu. Iingie kwenye daftari, iwe na mkataba, na iwe imesajiliwa. Lakini kubwa ni maneno yenyewe. Meseji husomeka juu ya skrini iliyofungwa, na simu moja huenda ni ya nyumba nzima. "Kumbuka miadi yako ya CTC kesho" imeshatangaza sebuleni kwamba mtu anahudhuria kliniki ya VVU. Andikeni "Kumbuka miadi yako kesho saa 3 asubuhi" na jina la zahanati, bila kitengo. Upande wa SACCOS, meseji ya deni iende kwa mkopaji peke yake. Kumtumia mdhamini au watu walioko kwenye orodha ya simu za mkopaji ili aone haya, hapana kabisa. Kama programu yenu ya simu inaomba ruhusa ya kusoma orodha ya namba, iondoeni hiyo ruhusa, maana mikopo ya SACCOS haiihitaji kwa lolote.

Haki za watumiaji ndani ya mfumo: mapokezi aone jina, umri na foleni. Ugonjwa na dawa aone tabibu. Mhasibu aone bili. Akaunti ya "admin" inayotumiwa na watu watano kwa neno la siri moja inawanyima jibu siku mtakapoulizwa nani alifungua faili hili.

---

Mkinga_Kodi:

Nashukuru sana wakuu, na dada Mwajuma. Leo tumefunga Drive na kuanza daftari, tumefika mstari wa 31.

Mawili yamebaki. Mwanachama wa SACCOS amejitoa, anataka taarifa zake zifutwe zote. Zikifutwa kwenye mfumo, bado ziko kwenye bakapu za siku 35. Tunafanyaje? Na la pili: tukivamiwa, tunaripoti sisi au mteja? Nimeona masaa 72 yakitajwa.

---

Mwajuma_Faili:

La kufuta. Tanga watu waja leo waondoka leo. Data ikishaingia haiondoki mpaka uitoe kwa mkono. Kwanza ombi si lenu kuliamua, ni la SACCOS. Mkipokea ninyi, mlipeleke kwao siku hiyohiyo na kulirekodi. Jiwekeeni ukomo kwenye mkataba, tuseme siku 7 za kazi tangu SACCOS iwaagize.

Pili, si kila kitu kinafutika. Kumbukumbu za kodi hutunzwa miaka 5 kwa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015, na daftari la ushirika lina masharti yake. Kwa hiyo mnagawa: picha, mawasiliano, mdhamini, namba za watu wa karibu na ridhaa za meseji zinaondoka sasa, miamala inabaki, imefungiwa asiione karani wa kawaida, na ina tarehe ya kufutwa iliyoandikwa kwenye rekodi yenyewe. Mjibuni mwanachama kwa Kiswahili cha kawaida kipi kimefutwa, kipi kimebaki, kwa sheria gani na hadi lini.

Kuhusu bakapu, msijaribu kufungua kila moja na kuchomoa mtu mmoja, mtaziharibu. Tunzeni orodha ya waliofutwa, yenye namba za ndani tu bila majina, nje ya hifadhidata kuu. Mkilazimika kurejesha bakapu, hatua ya kwanza kabla ya kuwafungulia watumiaji ni kuipitisha orodha hiyo na kuwafuta upya. Iwekeni ndani ya hati ya kurejesha yenyewe, isiwe maagizo kwenye karatasi, kwa sababu siku ya kurejesha ni saa tisa usiku na hakuna anayesoma karatasi. Baada ya siku 35 bakapu yenye jina lake imejifuta.

---

Kifungu_kwa_Kifungu:

La pili. Masaa 72 ni ya GDPR ibara ya 33 na ya Kenya kifungu cha 43. Kifungu chetu cha 27 kinamtaka mkusanyaji aiarifu Tume bila kuchelewa. Usilisome hilo kama nafuu. Aliyewekewa masaa anaweza kuyahesabu. Wewe utaulizwa kwa nini ulingoja.

Anayeiarifu Tume kwa taarifa za wanachama ni SACCOS. Ninyi kazi yenu ni kuiambia SACCOS, na mkataba utaje masaa: wekeni 24 tangu mlipojua, hata kama hamjui ukubwa wake. Barua ya kwanza iseme nini kimeonekana, saa ngapi, mifumo ipi, aina gani za taarifa, makadirio ya watu, mmefanya nini mpaka sasa, na nani apigiwe simu. Yaliyobaki yafuate.

Naongeza la mkataba: taja marufuku ya mchakataji kuongeza mchakataji mdogo bila kumwarifu mteja, haki ya mteja kukagua, na kinachotokea mkataba ukiisha. Hili la mwisho liandikwe kwa namba: siku 30 za kumrudishia data kwa muundo wa CSV, kisha kufuta, kisha hati ya kufuta yenye sahihi ya afisa wenu.

---

fundi_seva_Pongwe:

Na mkigundua mmevamiwa, msiwashe upya seva wala msiifute haraka haraka. Kuwasha upya kunapoteza kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya muda (RAM), na mara nyingi ndipo programu ya mvamizi ilipo. Katisheni mtandao wake kwa ukuta wa moto mkibakiza mlango wenu mmoja, chukueni picha ya diski, nakilini logi kwenye mashine nyingine, andikeni saa ya kila hatua. Ndipo mbadilishe funguo: hifadhidata, meseji, SSH (njia ya kuingilia seva kwa mbali), na ile HMAC mkiwa mmejipanga, maana ikibadilika lazima safu zote za kutafutia NIDA na simu zikokotolewe upya. Zoezi hilo lifanyeni kwenye ile hifadhidata ya kubuni kabla ya siku yenyewe, mjue linachukua saa ngapi.